Kabla ya Kufunga Kamba: Je, Gari Lako Linaweza Kuvutwa?

Mvua inapokolea, wakaazi wa Kericho na majirani wetu wa Bomet huiona picha hii mara kwa mara: gari limezimika kando ya shamba la majani chai, kamba imetafutwa, na pikapu au trekta ya jirani inalivuta polepole kuelekea kwa fundi. Huo ni ujirani mwema na hakuna anayetaka uishe. Hata hivyo, msaada huo unaweza kumgharimu mwenye gari giaboksi nzima, na kwenye mteremko unaweza kugharimu maisha.

Si kila gari limeundwa kuvutwa huku magurudumu yote manne yakizunguka barabarani. Mazoea yetu ya kamba yalianza zamani, wakati barabara hizi zilikuwa za Peugeot 504, Land Rover na pikapu za Datsun, ambazo nyingi zilikuwa za gia za mkono. Magari ya siku hizi ni tofauti. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, kwa hivyo mengi yanayotufikia sasa ni ya otomatiki, ya CVT au ya haibridi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulitambua gari lako mapema, na ikiwezekana kabla hujalinunua.

Jibu liko kwenye giaboksi

Gari linapovutwa, magurudumu huzunguka ingawa injini imezimika. Magurudumu yanayosukuma gari yameunganishwa na giaboksi, kwa hivyo baadhi ya sehemu za giaboksi nazo huzunguka. Swali la kujiuliza ni moja: je, sehemu hizo zinapata mafuta?

Katika giaboksi ya otomatiki, mafuta husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizimika, pampu husimama. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, vyuma vya ndani husuguana bila mafuta ya kutosha na kupata joto kali. Kuweka gia kwenye N hakutatui shida hiyo, kwa sababu N hutenganisha nguvu za injini na magurudumu tu, haiwashi pampu.

Madhara yake huenda yasionekane siku hiyo. Gari hutengenezwa, likawaka na kurudi nyumbani. Baada ya muda gia zinaanza kuteleza au kugonga, na lawama zinamwendea fundi, ilhali uharibifu ulifanyika siku ya kamba.

Gari lako liko kundi gani?

*Gia za mkono.* Haya ndiyo yanayovumilia zaidi. Gia ikiwa huru na hendibreki imeachiliwa, mengi yanaweza kuvutwa mwendo mfupi kwa mwendo wa pole. Kwa safari ndefu, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ni vyema fundi alifungue propela kwanza, ili giaboksi isizunguke kabisa.

*Otomatiki ya kawaida.* Livute kwa dharura tu, kwa mfano kulitoa barabarani hadi mahali salama. Vitabu vya magari haya huweka kikomo cha mwendo na cha umbali, na vikomo hivyo hutofautiana kati ya gari na gari. Fuata kitabu cha gari lako, si cha jirani.

*CVT.* Usilivute huku magurudumu ya mbele yakiwa chini. Ikiwa linasukumwa na magurudumu ya mbele, yainuliwe, au gari zima lipandishwe juu ya lori bapa la kubeba magari.

*Haibridi na ya umeme.* Hapa magurudumu yameunganishwa na mota ya umeme. Yakizunguka kwa kuvutwa, mota inaweza kuzalisha umeme na kuharibu mitambo au hata kusababisha moto. Haibridi inayosukumwa na magurudumu ya mbele iinuliwe mbele au ibebwe. Gari la umeme libebwe.

*Linalosukumwa na magurudumu yote manne wakati wote, kama Subaru nyingi.* Mwambie dereva wa brekidauni mapema. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuinua magurudumu mawili na kuacha mawili yakizunguka, jambo linaloweza kuvunja mitambo ya kati. Lori bapa ndilo salama zaidi.

*Linalobadilishwa kati ya magurudumu mawili na manne, kama pikapu nyingi za mashambani.* Hakikisha limewekwa kwenye magurudumu mawili kabla ya kuvutwa, kisha fuata maelezo ya aina yake ya giaboksi.

Jihadhari na jina. Probox mbili zinaweza kusimama pamoja stejini Litein na zisifanane kwa ndani: moja ya zamani yenye gia za mkono, nyingine ya kuanzia mwaka 2014 yenye CVT. Ya kwanza inaweza kuvumilia kamba. Ya pili haipaswi kuiona.

Swali hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, watu wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani hupenda kuvuta gari dogo nyuma, magurudumu yote manne barabarani, ili wapate la kutembelea wakifika. Kwa kuwa wanalivuta mamia ya kilomita, hulichagua wakiwa na kitabu chake mkononi. Jeep Wrangler ni mojawapo ya yanayopendwa, kwa sababu lina giaboksi ndogo ya pili inayoweza kuwekwa huru na kuyatenga magurudumu na giaboksi kuu. Wao huuliza kabla ya kununua. Sisi huuliza tukiwa tayari tumekwama.

Milima yetu haisamehi

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,100. Anayevuta gari kupitia Kapsoit kuelekea nyanda za chini za Kano anateremka sehemu kubwa ya safari. Barabara za ndani za majani chai nazo zina mabonde makali, kona fupi, utelezi na ukungu.

Gari ambalo injini yake imezimika huwa na breki nzito. Kifaa kinachosaidia breki hutegemea injini, na nguvu iliyobaki ndani yake huisha baada ya kukanyaga mara chache. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito.

Kumbuka pia kwamba kamba huvuta tu, haizuii. Kwenye mteremko, gari la nyuma hutegemea breki zake lenyewe, zile zile zilizopungua nguvu. Likishindwa kusimama, litaligonga la mbele au litatoka barabarani. Kwa sababu hiyo, gari lililozimika lisiteremshwe mlima mrefu kwa kamba. Tumia chuma kigumu cha kuvutia kilichofungwa na mtu anayekifahamu, au subiri brekidauni.

Uzito pia ni muhimu. Probox ina uzito wa takriban tani moja, ilhali Prado huzidi tani mbili. Gari dogo likivuta kubwa, kwenye mteremko kubwa ndilo litakaloamua mwendo. Gari linalovuta lisiwe jepesi kuliko linalovutwa.

Ikiwa ni lazima kuvuta

1. Washushe abiria wote kwenye gari linalovutwa. Abaki dereva mwenye uzoefu peke yake.
2. Funga kamba kwenye ndoano ya kuvutia. Katika magari mengi ya Japani, ndoano hiyo hukaa pamoja na jeki na huskrubiwa kwenye tundu lililofunikwa kwa kifuniko kidogo mbele ya gari. Usifunge kwenye bampa wala kwenye vyuma vya magurudumu.
3. Hakikisha ufunguo umefungua usukani na taa zinafanya kazi. Ufunguo ukitolewa, usukani unaweza kujifunga kwenye kona. Kwa gari la kuwashwa kwa kitufe, betri ikiwa imekufa usukani na gia huenda visifunguke, usilazimishe.
4. Funga kitambaa chekundu katikati ya kamba na uwashe taa za hazadi.
5. Anza polepole hadi kamba ikaze, bila kushtua. Trekta ina nguvu nyingi, na mshtuko mmoja unaweza kung'oa ndoano.
6. Watu wote wakae mbali na kamba. Ikikatika, hurudi kwa kasi ya kuumiza.
7. Kubalianeni ishara ya kusimama kabla ya kuondoka. Epukeni usiku na ukungu.

Gari likizimikia barabara kuu, uhai ni wa kwanza. Weka laifseva mbele na nyuma ya gari, mbali vya kutosha kwa dereva anayekuja kuweza kusimama, kisha watu wakae nje ya barabara. Kukiwa na hatari au majeruhi, piga simu 999 au 112.

Maswali matatu kabla ya kununua

Kwa mkaazi wa mji mkuu, brekidauni huwa karibu. Kwa mkulima anayeishi ndani ya mashamba ya Mogogosiek au Kapkatet, lori hilo linaweza kuchukua saa nyingi na kutoza kwa kila kilomita. Kwa hivyo, unapokagua gari, muulize muuzaji haya:

- Giaboksi yake ni ya aina gani, na ni magurudumu yapi yanayosukuma gari?
- Kitabu chake kinasema livutwe vipi? Ikiwa kimeandikwa Kijapani, mwombe fundi wa aina hiyo ya gari akueleze.
- Ndoano ya kuvutia ipo? Mara nyingi hupotea gari likibadilisha mikono.

Majibu hayo hayakukatazi kununua haibridi au gari la CVT, ambayo mengi hutumia mafuta kidogo. Yanakuambia tu kwamba siku likizimika utahitaji lori, si kamba, na kwamba gharama hiyo uipangie mapema.

Ukishayapata, yaandike kwenye karatasi pamoja na nambari ya simu ya brekidauni unayoiamini, uiweke ndani ya gari. Siku ya mvua, jirani atakapofika na kamba yake kwa moyo mweupe, mwonyeshe karatasi hiyo kwanza.