Gofu kwa Askari: Mafunzo Kwanza, Fimbo Baadaye

Kwa muda mrefu mchezo wa gofu umehesabiwa kuwa mchezo wa wakubwa na matajiri. Hesabu hiyo ina asili yake. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 ili kuichukua shaba ya Kilembe, kampuni ya Kilembe Mines ilijenga mji mzima bondeni, wenye hospitali, shule na uwanja wa gofu. Katika viwanja vingi vya zama hizo za ukoloni, Mwafrika aliingia akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine.

Zama hizo zimepita. Mjini Dar es Salaam, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina uwanja wake wa gofu huko Lugalo, na askari hushindania hapo Kombe la Mkuu wa Majeshi. Kwa hiyo askari wa Kasese, au polisi alindaye mpaka wa Mpondwe karibu na Bwera, hana sababu ya kuuogopa mchezo huu. Linalomfaa kuogopa ni kuuanza vibaya.

Aghalabu mwanafunzi wa gofu huuliza kwanza: "Ninunue fimbo zipi?" Swali hilo limetangulia mahali pasipo pake. Mshahara wa konstebo au wa koplo unangojewa na karo, chakula na jamaa nyumbani. Akiutoa kwa mfuko uliojaa fimbo kabla hajajua kusimama mbele ya mpira, atakuwa amenunua pambo la kuegemeza ukutani. Swali la kwanza ni hili: "Nani atanifundisha?"

MAFUNZO NI KAMA SHABAHA

Jambo hili askari ataliona upesi kuliko raia. Kuruta hapewi risasi siku ya kwanza. Hufundishwa kwanza kulala, kushika bunduki, kulenga na kutuliza pumzi. Gofu nayo ina utaratibu wake: namna ya kushika fimbo, namna ya kusimama, namna ya kuelekeza mabega na miguu, kisha ndipo pigo lenyewe. Aliyekosea mshiko hurekebisha kosa hilo kwa kosa la pili, na la pili kwa la tatu, hata mwili ukazoea upotovu. Kuing'oa desturi mbaya ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Mwalimu mwema huanzia karibu na shimo. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu, na mapigo mengi ya mchezo hupotelea hapo. Baadaye huja pigo fupi, halafu nusu ya pigo, na mwisho pigo kamili. Wanafunzi wanne wanaweza kuchanga ada na kufundishwa pamoja. Baina ya somo na somo, dakika kumi na tano za mazoezi kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumapili moja. Na shauri la kila mpita njia lisifuatwe, maana walimu watano humharibu mwanafunzi mmoja.

Mfano upo. Larry Nelson, Mmarekani, alianza gofu akiwa na umri wa miaka 21, baada ya kurudi kutoka vita vya Vietnam. Alijifunza misingi katika kitabu cha bingwa Ben Hogan, akaifuata kwa nidhamu. Alishinda ubingwa wa PGA mwaka 1981 na 1987, na mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1983.

FIMBO SITA ZATOSHA

Sheria inaruhusu fimbo 14 mfukoni, wala haimlazimishi mtu kuzitimiza. Mwanafunzi atatosheka na sita: moja ya kupigia mbali, fimbo za chuma namba tano, saba na tisa, moja ya kutolea mpira mchangani, na moja ya kuusukumia shimoni. Namba ikiwa kubwa, uso wa fimbo hulala zaidi, na mpira huruka juu lakini hauendi mbali. Namba saba ndiyo rafiki wa mwanzo.

Zilizokwisha kutumika si aibu, mradi zikaguliwe kama silaha. Mpini wa chuma usiwe na kutu wala bonyeo, kichwa kisicheze, mshiko wa mpira ukichakaa, hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kabla ya kulipa, mwombe mwalimu atazame kama urefu wa fimbo unalingana na kimo chako na urefu wa mikono yako. Mwenye pigo la nguvu na haraka hufaa mpini mgumu. Mwenye pigo la polepole hufaa unaopinda kidogo. Anayetumia mkono wa kushoto atafute fimbo za kushoto, asijilazimishe.

Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza uwanja gani unachezeka. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, bonde la Kilembe liliharibika vibaya. Mjini Fort Portal kuna uwanja wa klabu ya Toro, na aliye Bwera anaweza kwenda huko siku za likizo. Siku nyingine, pigo la kusukuma hujifunzwa hata juu ya mkeka nyumbani. Lakini mpira usipigwe kwa nguvu kambini penye watoto na wapita njia. Unaweza kupofua jicho.

HAKUNA REFA

Liko jambo moja lisilonunuliwa dukani. Katika mchezo wa kawaida wa gofu hakuna refa anayekufuata. Mpira ukipotea majanini, tangu mwaka 2019 sheria inakupa dakika tatu za kuutafuta, na saa unaishika wewe na wenzako. Kwa desturi, aliye mbali zaidi na shimo ndiye hupiga kwanza, awe konstebo au kanali, cheo hakihesabiwi. Mpira ukiguswa bila kukusudia penye nyasi ndefu, pasipo jicho la mtu, mchezaji mwenyewe ndiye wa kusema. Askari aliyepiga mara sita akaandika tano amejishtaki mwenyewe, hata kama kitabu cha mashtaka hakitafunguliwa.