Kitambaa, Kijiti na Mtu wa Kujitolea

Mkulima asiyeweza kusimama wakati wa mvua za kwanza amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye njaa. Hivyo ndivyo mnyoo wa Guinea ulivyowatesa watu wa Sudan ya Kusini, wa kaskazini ya Uganda na wa sehemu za Turkana kwa miaka mingi.

Mnyoo huu huingia mwilini kwa maji. Mtu akinywa maji ya dimbwi yasiyochujwa, humeza vidudu vidogo mno ambavyo ndani yake mna watoto wa mnyoo. Hajui lolote kwa muda wa karibu mwaka mzima. Ndipo lengelenge hutokea, mara nyingi mguuni, na mnyoo wenye urefu wa kadiri ya mita moja huanza kutoka. Maumivu yake huchoma kama moto, na mgonjwa hutamani kutia mguu majini apate nafuu. Papo hapo mnyoo humwaga watoto wake kwa maelfu, na kijiji kizima hunywa ugonjwa wa mwaka ujao.

Maradhi haya hayana dawa ya kuyaponya wala chanjo ya kuyazuia. Kwa hiyo, mpango wa kuyafuta duniani ulipoanza katika miaka ya 1980, ilionekana kwamba mlinzi wa kwanza hana budi kuwa mwenyeji wa kijiji chenyewe.

Basi vijiji vilitoa watu wa kujitolea, wanaume kwa wanawake. Mafunzo yao hayakudai elimu kubwa. Wasiojua kusoma walifundishwa kwa picha. Kwanza, walijifunza kuchuja maji kwa kitambaa chenye matundu madogo sana, na kukitazama kisiwe kimetoboka. Pili, kuosha kidonda, kukifunga, na kuuzungusha mnyoo juu ya kijiti pole pole siku kwa siku, maana ukikatika jeraha huvimba na kutunga usaha. Tatu, kumzuia mgonjwa asikanyage maji ya kunywa. Nne, kupeleka habari kwa msimamizi upesi.

La tatu ndilo gumu. Si rahisi kumwambia mama mwenye watoto wenye kiu asiende bwawani. Mgeni akiamuru hivyo, huonekana mkatili. Jirani akisema, kisha akawasihi wengine wamtekee maji mama yule, husikilizwa.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 1986 wagonjwa duniani walikadiriwa kuwa 3,500,000. Mwaka 2023 hawakufika 20. Sudan ya Kusini ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000 mwaka 2006, na sasa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Uganda ilithibitishwa kuwa imeondokana na mnyoo huo mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018.

Hata hivyo, ulinzi haujaisha, kwa kuwa mtu mmoja avukaye mpaka na lengelenge mguuni aweza kuurudisha. Heri kitambaa safi juu ya mtungi leo, kuliko mguu uliovimba wakati wa kupanda.