UFAFANUZI KUHUSU PICHA YA MRI KATIKA KUTAMBUA SARATANI YA TEZI DUME

Saratani ya tezi dume inaongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume nchini Tanzania. Tezi hiyo imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Hivyo inapovimba, mkojo hutoka kwa shida. Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba si kila uvimbe ni saratani. Wazee wengi hupata uvimbe wa kawaida, na saratani yenyewe inapoanza aghalabu haina dalili yoyote.

Kwa muda mrefu madaktari walitegemea kipimo cha damu kiitwacho PSA na kuipapasa tezi kwa kidole. Lakini PSA hupanda pia kwa sababu ya uvimbe wa kawaida au maambukizi. Mgonjwa mwenye kiwango kikubwa alichukuliwa vinyama kwa sindano, kwa kawaida 10 hadi 12, bila ya kujulikana hasa mahali penye ugonjwa. Sindano iliweza kuipita saratani kali, au kuigusa ile dhaifu ambayo isingemdhuru mtu maishani mwake.

Mashine ya MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, wala haina mionzi ya eksirei. Mojawapo ya picha zake hupima mwendo wa maji ndani ya mwili, njia ambayo daktari Mfaransa Denis Le Bihan aliiendeleza katika miaka ya 1980. Katika tezi yenye afya maji hutembea kwa nafasi. Penye saratani chembe hai zimesongamana, na maji hukosa njia. Sehemu hiyo hung'aa katika picha ya kwanza na kuwa nyeusi katika ramani inayotengenezwa kutokana nayo. Daktari wa picha huipa alama kuanzia 1 hadi 5, kwa utaratibu wa kimataifa uliotolewa mwaka 2012.

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2017, uliohusu wanaume 576, ulionesha kwamba MRI kamili, ikiwemo picha hii, iligundua 93 kati ya kila saratani kali 100, na sindano za kawaida 48 tu. Aidha, takriban robo ya wanaume hao wangeweza kuepushwa na sindano. Pamoja na hayo, picha si hukumu. Maambukizi na damu iliyovuja huweza kufanana na saratani, na saratani ndogo huweza kukosekana. Uthibitisho hutolewa na maabara baada ya kukichunguza kinyama.

Kwa mkaazi wa Kata ya Ramadhani, mjini Njombe, kama kwa mkaazi wa shehia ya mbali visiwani, kipimo hiki si cha mlangoni. Kutoka Njombe hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye mashine hiyo, ni zaidi ya kilomita 600. Hivyo basi, safari isianze kwa MRI. Mgonjwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya mkoa, ambako daktari ataamua iwapo anahitaji rufaa.

Atakayepewa rufaa anashauriwa:

(a) kuchukua majibu yake yote ya awali;

(b) kueleza iwapo ana kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini;

(c) kutaja tarehe aliyochukuliwa kinyama, kwani damu huvuruga picha kwa wiki kadhaa.

Wanaume waliotimiza miaka 50, na wale wa miaka 45 ambao baba au ndugu zao waliugua, wanahimizwa kuonana na daktari bila ya kungoja maumivu. Saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya tezi, hutibika; ikishafika kwenye mifupa, huweza kupunguzwa kasi tu.