Faili Jipya, Msimbo wa Zamani

Wasimamizi wengi wa seva huamini kwamba ukishaweka faili jipya mahali pa lile la zamani, kazi imekwisha. Kwa maktaba ya msimbo ambayo hifadhidata imekwisha kuipakia, imani hiyo ni hatari. Kwenye Linux, jina la faili ni kitu kimoja na faili lenyewe, yaani inodi, ni kitu kingine. Hifadhidata ya PostgreSQL ikipakia maktaba hushika inodi, si jina. Ndiyo maana amri mbili zinazoonekana mapacha, mv na cp, hazizai matokeo sawa. Ndani ya mfumo mmoja wa faili, mv huhamishia jina kwenye inodi mpya kwa mkupuo mmoja, na ya zamani hubaki hai mpaka mchakato wa mwisho unaoitumia ufungwe. Lakini cp hufuta yaliyomo kwenye inodi ileile na kuandika mapya juu yake, huku michakato ikiendelea kutumia anwani za zamani. Kichakataji kinaruka kwenda mahali kilipozoea na kukuta maelekezo mengine kabisa. Linux hukataa kuandikwa juu ya programu inayoendeshwa, ila haizipi maktaba ulinzi huo. Na PostgreSQL haifi kidogo: mchakato mmoja ukianguka, mchakato mkuu huwaua wenzake wote kwa kuhofia kwamba kumbukumbu ya pamoja imeharibika, kisha huanza kujirekebisha. Kosa la amri moja linamkatia kila mtu muunganisho.

Atakayesema ametumia cp mara nyingi bila madhara ameokolewa na bahati tu: huenda hakuna mchakato wa zamani ulioiita maktaba ile baada ya faili kubadilishwa. Lakini hata mv haimalizi kazi. Kila muunganisho una mchakato wake, hivyo uliokwisha kuipakia maktaba asubuhi unaendelea na msimbo wa zamani na wa mchana unapata mpya. Swali moja, majibu mawili. Amri ya LOAD haisaidii, kwa kuwa haigusi maktaba iliyokwisha kupakiwa. Na maktaba zilizoorodheshwa kwenye mpangilio wa shared_preload_libraries hupakiwa na mchakato mkuu, na kila muunganisho mpya hurithi zile za zamani. Dawa ni kuiwasha hifadhidata upya. Haya si ya PostgreSQL peke yake: Aprili 2014, dosari ya Heartbleed kwenye maktaba ya OpenSSL ilipofichuka, kusasisha maktaba hiyo peke yake hakukutosha; huduma ambayo haikuwashwa upya iliendelea kuvuja ilhali faili kwenye diski lilikuwa salama.

Wapo wanaopinga kwamba kuwasha upya ni kukatiza wateja. Ni kweli, lakini kukatiza kwa sekunde chache saa uliyochagua mwenyewe ni nafuu kuliko kuanguka saa usiyoijua. Kujivunia seva isiyozimwa miaka mitatu ni kujivunia viraka visivyofanya kazi. Kanuni ni hiyohiyo kwa moduli za Apache, viendelezi vya PHP, seva za barua pepe, na kila huduma inayokaa hewani muda mrefu.