Uvimbe wa Kifuani Unapoufikia Moyo

Mtu akikohoa na kubanwa kifua kwa muda mrefu, wengi wetu hufikiria kifua kikuu. Ni sawa, na makohozi yapimwe kwanza. Ila mwezi huu tunazungumzia ugonjwa usiotokea mara nyingi, unaojificha nyuma ya mfupa wa kidari.

Hapo, mbele ya moyo, pana tezi iitwayo thaimasi. Hufundisha chembe za damu kuulinda mwili. Mtoto anayo kubwa. Baada ya kubalehe husinyaa na kugeuka mafuta. Kwa watu wachache, hasa wa makamo, huota uvimbe. Moyo ni jirani, hivyo uvimbe ukiachwa huweza kupenya mfuko unaouzunguka. Mfuko ukijaa maji, moyo hukosa nafasi ya kutanuka: mgonjwa hutweta akilala chali na miguu huvimba. Ukibanwa mshipa mkubwa urudishao damu kutoka kichwani, uso na shingo huvimba.

Dalili ya ajabu ni kope kulegea jioni, kuona vitu viwili viwili, na taya kuchoka kabla chakula hakijaisha. Kiasi cha mgonjwa mmoja katika watatu hupata ulegevu huu wa misuli. Tusikimbilie kusema amerogwa.

Eksirei huonyesha kivuli. Picha ya kompyuta huonyesha uvimbe umefika wapi, na ultrasaundi hutazama moyo. Kipande kidogo hukatwa na kupimwa maabara. Maji ya mfuko wa moyo nayo hupimwa, maana hata kifua kikuu huyaleta.

Tiba kuu ni upasuaji. Mwaka 1936, huko Nashville, Marekani, daktari Alfred Blalock alimtoa msichana uvimbe huo, na ulegevu wake wa misuli ukapungua. Mfuko wa moyo ukiguswa, sehemu hiyo hukatwa pia. Mtu huishi bila hiyo. Uvimbe ukiwa umeingia moyoni, mara nyingi dawa za saratani hutangulia ili unywee, na mionzi huweza kufuata. Hapa Tanzania mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Baadaye mgonjwa huangaliwa kwa miaka mingi, kwani huweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Mwenye ulegevu wa misuli amweleze kila mganga kabla ya kupewa dawa: kwinini na sindano za jentamisini huweza kumzidishia hadi ashindwe kupumua.