Safari ya Baiskeli Peke Yako (2): Mzigo Usioubeba Atakubebea Nani?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi baiskeli ilivyotoka kwenye michezo ya matajiri wa Ulaya na Marekani ikawa chombo cha safari. Leo tunaingia katika jambo linalomkosesha usingizi kila anayepanga kusafiri mamia ya kilomita peke yake na kupiga kambi njiani: abebe nini, aache nini, na usiku ukimkuta alale wapi. Wengi huyachukua haya kuwa maswali matatu, lakini kwa hakika ni moja. Kila unachokiacha nyumbani ili baiskeli iwe nyepesi, itakubidi ukipate kwa mtu mwingine huko uendako. Mzigo ulioupunguza kwenye keria yako umeuhamishia kwa mwenyeji ambaye hata hamjaonana.

Tuanze na msafiri aliyebeba kidogo mno. Thomas Stevens alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Berkhamsted mwaka 1854, aliyehamia Marekani. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka San Francisco akiendesha baiskeli ya Columbia, ile ya kizamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, yaani sentimita 127, na pedeli zilifungwa kwenye ekseli yake. Hapakuwa na mnyororo wala gia. Mguu ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, na baiskeli inasogea kama mita nne. Mwendeshaji alikaa huko juu, karibu wima juu ya ekseli ya mbele, hivyo jiwe dogo lilitosha kumrusha akatangulia kichwa.

Chombo cha namna hiyo hakina pa kuwekea mizigo. Stevens alifunga kwenye usukani soksi, shati la akiba na koti la mvua, basi. Koti hilo ndilo lililokuwa hema lake na ndilo lililokuwa shuka lake. Mfukoni alikuwa na bastola. Alifika Boston tarehe 4 Agosti baada ya kwenda maili zipatazo 3,700, karibu kilomita 6,000, na zaidi ya theluthi moja ya njia hiyo alitembea kwa miguu akiisukuma baiskeli. Sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani haikuwa na barabara za kusifiwa, kwa hiyo mara nyingi alifuata reli. Milimani Sierra Nevada alipita ndani ya mabanda marefu ya mbao yaliyojengwa kuikinga reli na theluji, na treni ilipokuja alijibana ukutani mpaka ipite.

Mtu huyu hakubeba sufuria wala unga. Alikula kwa wafugaji na kwa mafundi wa reli, na paa zao zilimsitiri pale koti la mvua liliposhindwa. Mambo yalikuwa hivyo hivyo alipoanza sehemu ya pili ya safari kutoka Liverpool tarehe 4 Mei 1885, akavuka Ulaya hadi Istanbul, kisha Anatolia hadi Tehran, alikokaa majira ya baridi. Katika vijiji vya Anatolia watu walimpa chakula na mahali pa kulala, lakini nao walikuwa na dai lao: apande baiskeli wamwone. Hata awe amechoka vipi, ilimlazimu apande azunguke mbele ya umati. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli yake.

Pale ambapo wenyeji hawakumpokea, wepesi wake ulimgeuka. Afghanistan alikamatwa na kurudishwa Uajemi. Ilimbidi azunguke kwa meli hadi India, na baada ya India akaingia China kupitia Canton. Huko watu walikuwa na hasira na wageni, kwani vita vya China na Ufaransa vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, na mahali pengine alirushiwa mawe. Katika mji mmoja maofisa wa serikali ndio waliomwokoa na ghasia. Alimaliza safari Yokohama tarehe 17 Desemba 1886, akiwa ameendesha maili zipatazo 13,500, karibu kilomita 21,700.

Miaka mitatu baadaye Stevens alifika kwetu. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki kutafuta habari za mvumbuzi Stanley, aliyekuwa bara pamoja na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, na mwaka 1890 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Huku hakuendesha baiskeli. Alisafiri na msafara wa wapagazi, kama walivyofanya wageni wa zama hizo. Mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, nao ulibebwa kichwani au begani kutoka pwani hadi bara. Mtu yuleyule aliyeizunguka dunia na soksi na koti la mvua alihitaji huku vichwa vya watu wengi vimbebee hema na chakula. Tunapomsifu kwa wepesi wake wa kwanza tukumbuke kwamba hata wakati ule alibebewa, ila wabebaji hawakuandikwa kwenye daftari la mishahara.

Dervla Murphy wa Ireland alilitazama suala hili kwa jicho la mhasibu. Januari 1963 alianza safari kutoka Dunkirk, Ufaransa, kwenda Delhi. Kabla ya kuondoka aliitoa gia ya baiskeli yake kwa kuona kwamba ingeharibika kwenye barabara mbovu, na akatanguliza tairi za akiba katika ofisi za kibalozi za Uingereza zilizokuwa njiani. Hivyo tairi zilimsubiri bila yeye kuzibeba. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipita pia kwetu, kutoka Nairobi hadi Zimbabwe kupitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Karibu kila alikolala mazungumzo yaliishia kwenye ugonjwa uliokuwa ukimaliza familia miaka ile, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata akakiita The Ukimwi Road.

Sasa tuje kwa msafiri wa leo. Baiskeli imara ya safari ndefu ina uzito wa kati ya kilo 13 na 18. Hema la mtu mmoja, begi la kulalia, godoro jembamba, jiko dogo, nguo, vifaa vya ufundi, chakula na maji hufikia kwa urahisi kilo 25 au 30. Ukipiga hesabu utaona kwamba msafiri huyu anabeba mzigo wa mpagazi mmoja, na mpagazi ni yeye mwenyewe.

Mzigo huo ukirundikwa wote nyuma, spoku za gurudumu la nyuma ndizo zitakazolia. Tena hupenda kukatika upande wa gia, mahali ambapo huwezi kuingiza spoku mpya mpaka gia ifunguliwe kwa kifaa maalumu. Kwa sababu hiyo wazoefu hugawa vitu katika mikoba minne ya pembeni, miwili mbele na miwili nyuma, vizito vikikaa chini karibu na ekseli. Hema hulazwa juu ya keria kwa sababu ni refu na jepesi.

Tairi nazo zinataka akili. Katika maduka mengi ya vijijini utapata za inchi 26 na za 28, lakini jina la 28 lina mtego. Tairi za 28 za baiskeli zetu za mizigo, zile za aina ya Phoenix, hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa zinazoitwa pia 28 zina rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi ya moja haitakaa kwenye nyingine hata fundi atumie nguvu gani. Anayesafiri na inchi 26 anaweza kutegemea duka la kijijini. Mwenye 622 abebe tairi yake ya akiba.

Maji hayana ujanja: lita moja ni kilo moja. Ukiendesha siku nzima juani si ajabu kumaliza lita sita, na hapo hujapika wala kunawa. Kwa hiyo ratiba hupangwa kwa kufuata visima na mabomba, na uwezo wa miguu huja baadaye.

Kuhusu malazi, anza kutafuta saa kumi jioni. Ukanda wetu hauna machweo marefu, na jua likizama giza limeshaingia. Wageni wengi hudhani usalama ni kujificha vichakani. Kwa vijiji vyetu hilo ni kosa. Hema lililofichwa likigunduliwa usiku na wachungaji au sungusungu, mwenye hema ana maelezo mengi ya kutoa. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mwalimu mkuu, au kwenye mji wowote wenye mtu mzima uwanjani.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watoka wapi na mizigo yote hiyo?"

"Natoka Singida, naelekea Kahama. Naomba mahali pa kupiga hema, alfajiri niendelee."

Mzee atauliza kama uko peke yako, kisha atakuonyesha mahali. Mara nyingi patakuwa karibu na mlango wake kuliko ulivyotaka, kwa sababu kule bondeni kuna fisi, na kuanzia hapo lolote likikupata ataulizwa yeye. Kabla ya kutandika, kagua njia ya siafu, usikae chini ya mnazi, na usikubali kulala kwenye mkondo mkavu hata kama mchanga wake ni laini namna gani, maana mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakakufikia usingizini.

Kuna mahali pengine hapana mzee wa kumpigia hodi. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kwenye makazi ya simba na tembo. Hapo usifikirie kupiga hema kando ya njia. Lala upande wa Doma, ulizia getini utaratibu wa siku hiyo, na ukiambiwa upande gari, panda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wa baiskeli huondoka kabla ya siku ya jembe, ndiyo maana deni lake ni rahisi kulisahau. Sukari na majani ya chai kwa mama mwenye nyumba, au tyubu ya mtoto kuzibwa kwa solusheni yako, ni malipo yanayoeleweka popote.

Kwa hiyo ukikaa kupunguza mizigo, pima kila kitu kwa swali la nani atakupa ukikikosa. Unga, mboga na maji vipo vijijini, utanunua au kuomba. Dawa zako, pampu, viraka na taa usimwachie mtu. Na hema, ingawa ni zito kuliko koti la Stevens, ndicho kitu cha mwisho kukiacha. Asiye na hema huomba kitanda, na katika nyumba nyingi hilo maana yake mtoto fulani atalala chini usiku huo. Mwenye hema huomba kiwanja tu, na kiwanja mwenyeji anaweza kukitoa bila kumwondoa mtu.

Wiki ijayo: Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyeanzia Tripoli mwaka 1931, akafika ncha ya kusini ya Afrika na kurudi hadi Algiers mwaka 1936, na yaliyompata baiskeli ilipomshinda njiani.