Chaza huzaliwaje?

Tukivuka hori kwa abra kutoka Bur Dubai, mji uliokuwa ukiishi kwa lulu, mwanangu aliniuliza: "Mama, chaza huzaliwaje?"

Nikamwambia: dume humwaga mbegu majini, jike mayai, vikakutana humo humo. Baada ya siku moja hivi mtoto huwa na magamba mawili, mdogo hata jicho humwona kwa shida. Huelea wiki mbili hadi nne, wengi huliwa. Anayesalia huota mguu, hushuka, akajifunga kwa nyuzi kwenye mwamba au gamba la chaza mkubwa.

Unguja, maji yakitoka, bibi hakuwamaliza chaza jiweni. Wakubwa wakiisha, nani atazaa, na wachanga watashika wapi?